Kiti Kiitwacho Raha Mustarehe

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naandika kwa sababu simu na sikio lako viliachana zamani, na mimi nikipiga kelele wateja wanadhani napigana na mtu. Huku mimi ni mzima wa afya tele, na kama unene ni dalili ya maendeleo, basi nimeendelea.

Kiwanda kinanguruma. Mafundi wangu wanane wanagonga misumari kutwa, mimi napita katikati yao mikono nyuma, nikikohoa kidogo tu, kila mmoja anainamisha kichwa. Unajua mwanao nilikotoka. Shule niliitokea dirishani, lakini dunia nimeisoma mpaka jalada la nyuma. Nimefanya kazi bandarini. Nimelala hoteli yenye lifti, nikiwa mgeni wa heshima. Haya, nilikuwa mlinzi, lakini nililala.

Sasa vaa miwani usome vizuri. Yule dereva mnene wa lori, mwenye jino la dhahabu, anakuletea kiti. Siyo stuli, baba, siyo benchi. Kiti! Mahameli ya zambarau, vifungo vinavyong'aa, mgongo mrefu kama wa kiti cha jaji. Maisha yako yote umesimama nyuma ya kiti cha watu. Umenyoa mtaa mzima, vichwa vikakoroma mikononi mwako, na wewe miguu imevimba. Nilipokuwa mdogo nafagia nywele dukani, nilikuuliza mbona wateja wakiisha hukai kidogo kwenye kile kiti chako cha kunyolea. Ukasema, "Kinyozi hakalii kiti cha mteja. Akikikalia atakipenda, na akikipenda atafunga duka." Basi duka umeshalifunga. Kaa.

Kiti nimekipa jina, kinaitwa Raha Mustarehe. Usimuulize yule mwalimu mstaafu asili ya neno hilo, ataanza leo amalize keshokutwa. Mimi nililipata bandarini kwa baharia aliyezunguka dunia mara mbili, na mara ya pili alikuwa macho. Alinieleza hivi: Mustarehe alikuwa tajiri mwenye kila kitu ila usingizi. Akaoa mwanamke aitwaye Raha. Usiku ule akalala, akaja kuamka mwezi umekwisha, akacheka. Tangu hapo furaha isiyo na doa inaitwa kwa majina ya wale wawili. Anayebisha aje bandarini.

Waite majirani wote. Mwite hasa fundi cherehani, yule aliyesema sitafika popote. Ukae mbele yao, taratibu, kama mtu aliyezoea.

Mwanao,
Bingwa


14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kiti kimefika salama. Dereva alikishusha kama anashusha mgonjwa, na mtaa wote ulitoka kutazama. Fundi cherehani alikuja. Muuza mkaa alikuja, akaambiwa asiguse. Mwalimu mstaafu alikuja na kofia. Dada yako alinipigia pasi shati jeupe.

Ni kiti kizuri sana. Sijaona kiti kizuri namna ile. Nilikaa mbele ya watu kama ulivyoagiza, na ninakushukuru.

Kuhusu neno, samahani, nilimuuliza mwalimu. Ni mteja wangu tangu ana nywele, nisingeweza kumnyima swali. Anasema baharia wako alikudanganya, au wewe ulimdanganya baharia. Raha ni neno la Kiarabu, maana yake kupumzika. Mustarehe nalo limetoka shina lilelile, ni mtu aliyepumzika. Hata starehe ni ndugu yao. Tukalitafuta kwenye kamusi yake kubwa, ile anayoifunga kwa kamba, tukakuta hivyohivyo. Kwa hiyo hakuna tajiri wala harusi. Ni mtu mmoja tu anasema jambo moja mara mbili, kana kwamba mara ya kwanza hakuamini.

Nilitegemea kitu kikubwa zaidi, kusema kweli. Neno refu vile, nikadhani ndani yake mna jumba.

Usishangae mwandiko umepinda. Naandika nikiwa nimelala. Siku hizi ninalala sana, dada yako ananiletea chai kitandani. Sina haja ya kitu kingine chochote, usitume kitu.

Baba yako,
Kinyozi


25 Machi

Dada,

Shikamoo. Umenuna au umesafiri? Baba kaandika, wewe kimya. Najua kinachokuwasha. Kiti hakikuja kwa jina lako. Tulia dada yangu, zamu yako inakuja, nakuandalia kochi ambalo mashoga zako watakuja kulitembelea kuliko wewe.

Umeona barua ya baba? Anaandika akiwa amelala! Baba yetu, ambaye alikuwa anakunywa chai amesimama, anakula amesimama, nadhani hata mama alimposa amesimama, leo analetewa chai kitandani kama balozi! Nimeisoma barua ile kiwandani kwa sauti. Watu walipiga makofi. Mmoja alifuta machozi, ingawa huyo ana mafua.

Sasa nina ombi. Mpige baba picha amekaa kwenye Raha Mustarehe, mkono mmoja hapa, mkono mmoja pale, mguu juu ya mguu. Nataka niitundike ukutani, mteja akiingia aone kazi yangu inafanya nini kwa mwanadamu. Na nimeanza kumshonea kigoda cha kuwekea miguu, mahameli ileile. Mwambie asiulize, ni zawadi ya kumshtua.

Yule fundi cherehani alisemaje alipokiona? Niandikie neno kwa neno, usipunguze.

Mdogo wako asiye mdogo tena,
Bingwa


4 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimekatazwa kukuandikia haya. Baba alinishika mkono akaniambia, "Usimwambie, atasimamisha kazi." Nimenyamaza mpaka ilipofika barua yako ya picha. Nikaisoma jikoni, nikashindwa.

Unataka neno kwa neno. Haya.

Watu walijaa uani mpaka wengine wakapanda ukuta. Baba alitoka na shati jeupe, akakizunguka kiti kama anavyozunguka kichwa kabla ya kunyoa. Akakigusa mgongo, akakigonga kidogo kwa kidole. Nikadhani anaogopa kukichafua. Fundi cherehani akasema, "Kaa bwana, au kiwanda kimetuma na mtu wa kukukalia?" Watu wakacheka. Baba naye akacheka, akakaa. Taratibu, kama ulivyomwagiza.

Akawa amekaa. Mkono mmoja hapa, mkono mmoja pale. Akasema, "Naam." Hilo tu ndilo alilowahi kusema akiwa juu ya kiti chako. Kisha kiti kikatoa mlio kama wa kuni kavu, miguu ya nyuma ikaenda huku na ya mbele kule, akaanguka chali, kiuno kikapiga ukingo wa sakafu. Yule muuza mkaa aliyekatazwa kugusa ndiye aliyembeba mpaka ndani.

Seremala wa kona alikigeuza. Hakuna springi, hakuna mikanda ya kuzishikilia, mbao nyembamba kama za kreti la nyanya, na ndani magazeti yaliyokunjwa. Akasema, "Hiki siyo cha kukalia. Ni cha kutazamwa." Kila mtu akanitazama mimi, kana kwamba nilikishona.

Na sikiliza hili ndugu yangu, kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi. Baba kalala pale, uso umepauka, anawaambia watu, "Kosa langu. Kiti kizuri, mimi ndiye sijui kukaa. Maisha yangu yote nimesimama."

Ameandika amelala kwa sababu hawezi kuketi. Daktari anasema mfupa haukuvunjika, umetikisika, apumzike. Hajanyolewa tangu siku ile. Kinyozi mpya wa mtaa alikuja kujitolea kumnyoa, baba akamgeuzia ukuta. Ndevu zimemfunika, anafanana na babu. Watoto wa mtaani wakipita dirishani wanaita, "Hodi, Raha Mustarehe!" Anawaitikia.

Kile kiti chake cha kunyolea nilikitoa nje ili chako kipate nafasi. Kuku wanakilalia.

Picha ya nini unataka?

Dada yako


12 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila mara mkono unaanza kutania peke yake, nachana.

Sina kiwanda. Sijawahi kuwa nacho. Mafundi ni wanane kweli, lakini mimi ni wa nane. Anayepita mikono nyuma akikohoa ni tajiri wetu, mwenye duka, na ninayeinamisha kichwa ni mimi.

Kazi yangu ni viti vya dirishani. Hujui ni nini, wala sitaki mtu wa nyumbani ajue, lakini nitakwambia. Duka letu lina dirisha kubwa la kioo barabarani. Kiti kinachowekwa pale kinapigwa jua, baada ya muda mfupi mahameli inafifia, kinatupwa, kinawekwa kingine. Tajiri hapotezi springi kwa kiti cha namna hiyo. Mbao za kreti, magazeti, sponji jembamba juu, kisha kitambaa kizuri kuliko vyote na vifungo vinavyong'aa. Mafundi wengine wanatengeneza vya kukalia. Mimi natengeneza vya kutazama. Mimi ni hodari, dada. Watu wanasimama barabarani. Wakiingia ndani wanauziwa kingine.

Kile cha zambarau kilitolewa dirishani kabla hakijafifia, sababu tajiri alibadili mawazo kuhusu rangi. Akasema kitupwe. Nikakiomba.

Sasa utaniuliza, nilijua? Nilijua. Nani angejua kama siyo mimi? Magazeti yale niliyakunja kwa mikono hii. Nilikusudia kukifungua nitie mbao ngumu na springi, nilishaziweka pembeni. Ghafla dereva akasema lori linaondoka kesho asubuhi. Nikakitazama pale chini ya taa, kinang'aa. Nikajiambia baba ni mwepesi. Nikajiambia atakikalia kidogo kidogo. Kilivyong'aa vile, dada, nikasahau kwamba ni mimi niliyekitengeneza.

Na ile barua yake niliisoma kiwandani, ile ya kulala. Walipiga makofi kweli. Leo kila ninapopita ananiuliza mmoja wao, "Mzee bado anakula raha?" Nasema, "Anakula." Nachukua ufagio, nafagia mahali pasafi.

Sitakuja. Nitaingiaje uani? Nimtazame baba usoni niseme nini? Mwambie nimepata kazi mbali, ng'ambo, popote. Hilo ataliamini, nimemzoesha. Kigoda cha miguu nimekitia motoni.

Jina langu hapa halistahili kuandikwa.

Mdogo wako


21 Aprili

Mwanangu,

Dada yako alijaribu kuniambia umekwenda ng'ambo. Hajui kudanganya, kipaji hicho ulichukua chote wewe. Nikamwambia alete barua. Akaleta.

Naandika nimekaa kitandani, nimeegemea mito. Kwa hiyo mwandiko umenyooka, na mimi nitanyoosha maneno.

Siku ile nilipokizunguka kiti niliona mishono ya pembeni. Umerudia uzi mara mbili kila kona, kama nilivyokufundisha siku tuliyoshona ngozi ya kiti changu dukani, ukiwa hujafika hata kimo cha meza. Wenye viwanda hawashoni kona wenyewe. Nikajua hapo hapo kwamba kiwanda hakipo. Kisha nikakigonga kwa kidole. Nimegonga vichwa maisha yangu yote, najua kilichojaa na kisicho na kitu. Nikasikia tupu.

Ningeweza kusema kiuno kinauma, nitakaa kesho. Lakini fundi cherehani alikuwa pale, anatabasamu. Nikaona nisipokaa watajua mwanangu kanitumia kitu kitupu. Nikajiambia mimi ni mwepesi.

Unaona? Tulijiambia neno lilelile, wewe huko na mimi huku.

Na usidhani uongo ule ulikuwa wako peke yako. Wewe uliniandikia mafundi wanane tangu zamani. Mimi dukani, kabla sijalifunga, nilisema ishirini. Mteja akiwa kwenye kiti, wembe uko shingoni mwake, nani atabisha? Nilikuongezea na gari. Kwa hiyo watu walipojaa uani hawakuja kutazama uongo wako, walikuja kutazama wangu. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi ya sakafu. Nilikuwa naona haya kuliko wewe, nikakuandikia kwamba nimelala kwa raha.

Sasa nataka vitu viwili. Springi unazo, umesema uliziweka pembeni. Zilete. Kiti changu cha kunyolea kiko uani, kuku wamekichoka, chuma chake ni kizima. Na cha pili, uso wangu unawasha. Wembe ninao. Kinyozi sina.

Usije na hadithi ya baharia.

Baba yako


8 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimerudi kazini salama kutoka huko nyumbani. Najua umekasirika, mpaka kituoni nilikuwa nakusikia.

Nataka nikueleze mwenyewe, usije ukafikiri niliondoka kwa sababu ya basi. Basi lilikuwa la jioni. Nilikudanganya, na huu ni uongo wa mwisho, nikipata mwingine nitakutaarifu.

Wakati nafunga mikanda na kupachika springi pale uani, watu wakitazama, mambo yalikuwa mepesi. Mkono ukiwa na nyundo mtu hafikirii. Hata fundi cherehani aliponiuliza, "Mbona hukutuma mmoja wa wale mafundi ishirini?" na mimi nikasema mbele ya wote, "Sina fundi hata mmoja, mzee wangu, mimi ndiye fundi, tena wa viti vya dirishani," masikio yaliwaka moto lakini nilikuwa nimeinama, hawakuyaona. Nilidhani atacheka. Akanishikia mkanda nikaze.

Ila baba alipokuja na fimbo yake, akakitazama kiti chake mwenyewe kama kiti cha mtu mwingine, akaniuliza, "Nikae?" Dada, baba ananiomba ruhusa! Nikasema, "Subiri." Nikakaa mimi kwanza. Nikaruka ruka juu yake kama mwehu, kilo zangu zote hizi. Ndipo nikamwambia, "Karibu." Akakaa. Mikono yake ilikuwa imeshika chuma, ikaachia kidogo kidogo.

Kisha povu, kisha wembe. Nilianza upande wa kulia. Nilimkata karibu na sikio, uliona, akaniinulia kidevu niendelee. Nilipomaliza shavu la kulia kichwa kikawa kizito mkononi mwangu. Nikadhani amekasirika. Kumbe analala. Watu wote mmesimama, hakuna aliyekohoa, hata muuza mkaa kavua viatu sijui kwa nini.

Nikasimama pale na kichwa cha baba mkononi, nikafikiria, akiamka atanitazama kwenye kioo. Nikaona siwezi. Bora fundi cherehani anitukane mpaka jioni kuliko baba anitazame na kusema asante. Nikamwekea taulo chini ya kichwa, nikakwambia basi linaondoka. Njia nzima povu limenikaukia kwenye mkono wa shati. Abiria mwenzangu akaniuliza kama mimi ni kinyozi. Nikaukunja mkono wa shati, mimi ambaye huwa na majibu mawili kabla ya swali.

Mwambie kinyozi mpya ammalizie upande wa kushoto. Na uniambie alisema nini alipoamka. Usipunguze.

Mdogo wako,
Bingwa (nimelikosa jina lingine)


17 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilikukasirikia siku tatu, ya nne nikacheka, kwa sababu ya baba.

Alilala mpaka jua likahama ukuta. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja kwa kunyata. Mwalimu mstaafu ndiye aliyebaki, amekaa juu ya ndoo, ananiambia kwa kunong'ona, "Lile neno, binti yangu, kamusi inalieleza, lakini picha haina." Na hakika hakuna aliyepiga picha. Tulisahau wote, na wewe ndiye uliyekuwa unaitaka.

Alipoamka alishika shavu la kulia. Akashika la kushoto. Akaita, "Kinyozi!" Nikamwambia umeondoka. Akajitazama kwenye kioo. Nikasema nimwite yule mpya aje amalizie. Akanigeukia kana kwamba nimemtukana.

"Kichwa kilichoanzwa na mtu hakimaliziwi na mwingine," akasema. "Hiyo ni kazi ya watu wasiojua kazi."

Basi ndivyo alivyo mpaka leo. Upande mmoja laini kama yai, upande mwingine kichaka. Anakwenda sokoni hivyo. Anakwenda kwa daktari hivyo. Nimemsihi, nimemtishia, nimelia. Watoto wakimwita Raha Mustarehe anawageuzia ule upande ulionyolewa. Asubuhi anakaa kwenye kiti chake pale mlangoni, mkono mmoja hapa, mkono mmoja pale, na kile cha zambarau kamwomba seremala akigongee miguu, amekiweka dirishani ndani, kitazamwe.

Jana fundi cherehani alimuuliza kwa heshima kabisa kwa nini anatembea mtaani na nusu ndevu.

"Kinyozi wangu yuko safarini," akamwambia. "Namsubiri."

Dada yako